Kitasa cha Tatu

Fundi alikuwa na tabia moja iliyowakera wateja. Akishakutilia kitasa mlangoni, ukakijaribu, ukaridhika, ukaanza kumshukuru, yeye ndipo huanza kukueleza ubaya wake. "Hiki kizuri," husema huku akizifunga tupa zake kwenye kitambaa, "lakini chumvi ya bahari itaila kamani yake, ile springi ya humo ndani. Ukisikia kinalia unapozungusha ufunguo, niite. Usingoje ikatike." Mafundi wengine wa Malindi, miaka ile ya themanini, waliapa kwa Mungu kwamba kazi yao ni ya maisha. Yeye hakuapa. Nilipomuuliza kwa nini anajiharibia biashara, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

"Nikinyamaza mimi, Mama Mghoi, mwizi atakwambia."

Sote tulimwita Fundi, basi. Kwamba alikuwa Mgiriama wa upande wa Ganze, kwenye ukame, nilijua kwa matamshi yake, na kwa namna alivyokunywa maji: polepole, mpaka tone la mwisho, wala sikumwona hata siku moja akimwaga masazo. Nani kamzaa na nani kamfunza kazi, hayo sikuyauliza, naye hakuwa mtu wa kuyatoa. Mimi mwenyewe nilikuwa mgeni. Nilishuka kutoka Taita kumfuata mume wangu, aliyekuwa mpishi katika hoteli moja ya watalii, nikakodi chumba kinachotazama njia na kuweka cherehani yangu. Karakana ya Fundi ilipakana nami. Ukuta uliotutenga ulikuwa mwembamba, kwa hiyo miaka yote ile mimi nilishona kwa mlio wa tupa yake, na yeye alichonga kwa mlio wa cherehani yangu. Nikinyamaza muda mrefu, hugonga ukuta.

"Uzi umekwisha?"

"Nimepumzika tu, Fundi."

"Haya. Nilidhani umekufa."

Alikuwa mrefu, mwembamba, kikoi kimefungwa juu sana, na shati lenye mfuko uliotobolewa na misumari. Mfuko ule nimeushona tena na tena, mpaka siku moja nikautilia kipande cha ngozi kwa ndani. Aliutazama, akauvutavuta, akasema, "Ungefanya hivi tangu mwanzo." Kwake hiyo ilikuwa asante.

Kwa chuma alikuwa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Angeweza kukaa asubuhi nzima na kipande cha shaba kisichozidi ukucha, anakikwangua, anakitia mahali pake, anazungusha ufunguo, anasikiliza, anakitoa, anakikwangua tena. Alikisikiliza kitasa kama mama anavyosikiliza kifua cha mtoto mwenye kikohozi. Lakini kwa watu hakuwa na subira hata chembe. Mteja akija na kisa chake cha jinsi alivyoibiwa, nani anamshuku, na mganga kasema nini, Fundi humkata katikati. "Mlango wafunguka ndani au nje?" Ukirudi kwenye kisa, yeye hurudi kwenye tupa yake. Wengi waliondoka wamenuna. Wakaenda kwa wengine, wakaibiwa tena, wakarudi, safari hii wakianza na mlango.

Na mtu huyu asiyewavumilia wateja wema alikuwa na rafiki mmoja tu wa kuzungumza naye kwa starehe, naye alikuwa mwizi.

Mwizi mstaafu, tuseme. Aliitwa Kombo, mtu mfupi, mcheshi, aliyetoka jela na kuamua kuuza kahawa. Mtaa mzima ulimkwepa isipokuwa Fundi, ambaye kila akimaliza kitasa cha namna mpya alimwita, akamwekea kigoda, akampa kitasa mkononi, kisha akanunua kahawa ya Kombo na kumnywesha Kombo mwenyewe. "Kifungue," humwambia. Kombo alikipindua, akacheka, akaanza kazi. Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa mteja mkubwa, alipita siku moja akawaona, akasimama na kufoka.

"Fundi! Unamfundisha mwizi vitasa vyetu?"

"Yeye ndiye anayenifundisha," alijibu Fundi bila kuinua kichwa. "Mpishi humpa chakula aonje mwenye ulimi. Mimi nimpe nani? Wewe?"

Kombo ndiye aliyekishinda kitasa cha kwanza alichobuni Fundi mwenyewe. Vitasa hivyo vilikuwa vimetapakaa mjini, na vilifika hata Gede, kwenye vile vibanda vya kando ya barabara. Kombo alikifungua kwa jino la uma wa kulia chakula, huku anahadithia habari nyingine kabisa. Fundi alitaka kuona tena. Kombo akafungua tena. Kesho yake Fundi alianza kupita mlango kwa mlango akiwaambia watu kwamba kitasa alichowauzia kinafunguka kwa uma, na kwamba anatengeneza kingine. Nadhani unaweza kukisia jinsi habari hiyo ilivyopokewa. Kuna waliomshukuru na kuna waliomwita tapeli. Mlango wa nyumba yake mwenyewe aliuacha na kile cha kwanza, kwa sababu mkewe alikuwa amekizoea na hakutaka kusumbuliwa na funguo mpya. "Sisi tuna nini cha kuibwa?" mkewe alisema. "Tupa?"

Kitasa cha pili kilikuwa fahari yake. Kamani ilikuwa ya shaba, haikuogopa chumvi. Lakini siri yenyewe ilikuwa kijino kidogo alichokificha ndani. Ukitia ufunguo usio wake ukauzungusha, kijino kinaanguka na kitasa kinaganda. Hata ulete funguo za mji mzima, hakiendi. Mpaka mwenyewe aje na ufunguo wake wa halali, auzungushe kinyume kwanza kukirudisha kijino, ndipo afungue. Kombo alikaa nacho tangu kahawa ikiwa moto mpaka birika likapoa. Mwishowe alikiweka chini, akajifuta jasho, akampa Fundi mkono. Siku hiyo nilisikia kupitia ukutani kitu ambacho sikuwahi kukisikia: Fundi anaimba.

Mtu wa kwanza kukitaka kitasa cha pili alikuwa Bi Zuhura, mjane aliyekaa ng'ambo ya kichochoro chetu. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye ulimi mkali na mkono mtamu; mahamri yake watu waliyafuata kutoka mitaa ya mbali. Alikuwa ameibiwa mara mbili, na tangu hapo hakulala. Usiku alikaa kitandani amekumbatia fimbo ya marehemu mumewe. Fundi alipomtilia kitasa kile kwenye mlango wake wa mvule, kwa ndani, cha kufungwa kwa ufunguo pande zote mbili, Bi Zuhura alilala siku hiyo mpaka jua likatoka, mahamri hayakuchomwa, na wateja wakarudi na mabakuli matupu. Alicheka sana mwenyewe. "Fundi," alimwambia, "umenirudishia macho yangu."

Kwa hiyo asubuhi nyingine mahamri yalipochelewa, hakuna aliyeshtuka. Tulidhani kalala. Aliyeshtuka ni Kadzo, muuza makaa wa pembeni ya kichochoro, aliyekwenda kudai gunia lake tupu na kusikia ndani sauti kama ya mtu anayekoroma akiwa macho. Alipiga kelele. Tukakimbia sote.

"Bi Zuhura! Bi Zuhura!"

Alijibu, lakini hayakuwa maneno.

Madirisha yalikuwa ya nondo. Mlango haukutikisika. Mpwa wake, msichana aliyekuwa akimsaidia kuuza, alipapatika akaleta ufunguo wa kwao, akautia, akauzungusha. Jirani mwingine akaleta wake. Mwingine wake. Kila mmoja alitaka kusaidia. Fundi alipofika akihema, kijino kilikuwa kimeshaanguka zamani, na ufunguo wa halali ulikuwa mle ndani, umefundikwa kwenye pindo la kanga ya Bi Zuhura, naye amelala nao sakafuni.

Nilisimama karibu naye. Nilimwona akipiga magoti, akatia waya, akasikiliza, akatia mwingine. Watu walimpisha, wakimwamini. Ilikuwa kazi yake, nani angekijua kuliko yeye? Jasho lilimdondoka puani. Kombo naye aliletwa, akajaribu, akatikisa kichwa. Kisha Fundi akainuka, akasema kwa sauti ndogo sana, "Bomoeni ukuta."

Walileta mitaimbo. Nyumba zile zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na udongo, kuta nene kama urefu wa mkono, na jua lilikuwa limefika utosini walipopata tundu la kumpitisha mtu. Bi Zuhura alikuwa hai. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande wa kulia. Alichukuliwa hospitali, akakaa huko siku nyingi, akarudi mdomo umepinda na mkono umekufa. Tangu hapo mahamri yalikandwa na mpwa wake, yeye akisimamia na kukaripia.

Hakuna daktari aliyesema kwamba angetolewa mapema angepona. Hakuna aliyesema vinginevyo pia. Fundi hakumuuliza daktari.

Alichofanya ni hiki. Alifunga karakana, akaanza kupita mlango kwa mlango akiomba kuving'oa vitasa vya pili. Hakutaka malipo; alikuwa tayari kuwarudishia watu makomeo yao ya zamani. Nilidhani watamkabidhi mara moja. Wapi! Kisa cha Bi Zuhura kilikuwa kimeenea, na watu walichosikia ndani yake ni kwamba kuna kitasa ambacho hata aliyekitengeneza hawezi kukifungua. Walikitaka zaidi. Mwenye duka la vitambaa alimcheka mbele yangu.

"Ulisema hakifunguki. Sasa walia kwa kuwa hakikufunguka?"

Fundi alisimama mlangoni pa duka lile na bisibisi mkononi. Nilingoja amjibu, maana ulimi alikuwa nao. Badala yake aliitia bisibisi mfukoni. Alirudi karakana akakaa. Majuma yakapita sisikii tupa. Nilianza mimi kugonga ukuta.

"Uzi umekwisha, Fundi?"

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Aliyemtoa mle ndani ni Bi Zuhura. Aliposikia kwamba Fundi ameacha kazi, alimwagiza mpwa wake amwite. Fundi hakwenda. Akaitwa tena, hakwenda. Basi Bi Zuhura akajifunga kanga, akamshika msichana bega, akavuka kichochoro kile kidogo kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye afya anavyokwenda sokoni na kurudi, akajibwaga kwenye kigoda cha Kombo. Nilitoka nikasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Bi Zuhura," alisema Fundi, akitazama chini.

"Marahaba. Nyumba yangu iko wazi. Ukuta wameuziba, mlango una kamba. Niwekee kitasa."

Maneno yalitoka yamepinda, lakini yalieleweka.

"Sikuwekei kitu, Bi Zuhura. Nisamehe. Nilikufungia ndani kama kuku."

"Ulinifungia mwizi nje. Hilo ulilifanya vizuri. Lile jingine hukulifikiri. Sasa lifikiri."

"Siwezi."

"Basi nilale wazi? Nirudi kukaa na fimbo, na mkono wenyewe wa kuishikia ndio huu?" Aliuinua ule mkono mfu kwa mkono mzima, akauachia ukaanguka pajani. "Wewe ndiye uliyenizoesha usingizi. Usinizoeshe kitu halafu ukaninyima."

Fundi alitazama ule mkono. Kisha akauliza, kwa sauti yake ya siku zote, "Ukianguka tena, ungependa aingie nani?"

Hapo ndipo kilipozaliwa kitasa cha tatu.

Kijino alikitoa. Mahali pake alichonga njia ya pili kwa upande wa nje, matundu mawili yaliyokaribiana, na funguo mbili zisizofanana. Mwenye nyumba ana ufunguo wake, anaingia na kutoka kama kawaida. Lakini majirani wawili aliowachagua mwenyewe kila mmoja anashika ufunguo wa tundu moja. Mmoja peke yake hafungui kitu. Wakija wote wawili, wakazungusha pamoja, mlango unafunguka, hata kama mle ndani umefungwa. Kombo alipopewa akijaribu aliuliza, "Nikiwa nimewaibia funguo majirani wote wawili?" Fundi akamwambia, "Mtaa uliofika hapo hauhitaji kitasa."

Bi Zuhura akaulizwa awachague majirani wake. Alitutaja mimi na Kadzo.

Sharti nieleze kwamba mimi na Kadzo tulikuwa hatusemezani. Ilianza na maji ya mvua yaliyotoka kwangu yakalowesha makaa yake, yakafuata maneno, na katika maneno hayo mimi niliitwa mtu wa bara asiyejua ujirani, na yeye aliitwa jina ambalo sitalirudia. Tulikuwa tukipishana kichochoroni kama watu wasioonana. Bi Zuhura alilijua hilo vizuri sana.

"Bi Zuhura," nilimwambia, "chagua mwingine. Mimi na huyo hatuna salamu."

"Sikuwaambia msalimiane. Nimewaambia mzungushe."

Siku ya kujaribu, Fundi alitusimamisha mlangoni bega kwa bega. Nilizungusha mapema, Kadzo akachelewa, kitasa kikakataa. Tukajaribu tena, yeye akawahi, mimi nikachelewa. Fundi alitazama, amekunja mikono. Mwisho Kadzo aliguna. "Hesabu, basi," akaniambia. Hilo ndilo neno la kwanza alilonisemesha tangu mvua ile. Nikahesabu. Mlango ukafunguka.

Haukupita muda, asubuhi moja mpwa hayupo, tukabisha hodi kwa Bi Zuhura, kimya. Tukabisha tena. Nilimtazama Kadzo, Kadzo akanitazama. Alikimbia kwake kuchukua ufunguo na mimi kwangu, tukarudi tukagongana mlangoni, tukatia, nikahesabu, tukazungusha, tukaingia kwa kishindo. Bi Zuhura alikuwa ameketi kitandani, amefunga kilemba chake, anakula muhogo wa nazi kwa mkono wa kushoto.

"Mmekuja upesi," alisema. "Nilitaka kujua."

Kadzo alikaa sakafuni akaanza kulia. Mimi nilimtukana mtu mzima, Mungu anisamehe. Kisha tukacheka, sote watatu, mpaka Fundi akaja na tupa mkononi kuuliza nani kafa. Alipoambiwa, alimtazama Bi Zuhura, akatazama kitasa, akauegemea ule ukuta uliozibwa na kucheka mpaka machozi yakamtoka. Alijifuta kwa pindo la kikoi. Sikumwona tena akicheka vile, lakini tangu siku hiyo tupa ililia mchana kutwa kama zamani.

Vitasa vya pili vingine alivipata, vingine hakuvipata mpaka mwisho. Mwenye duka la vitambaa alishikilia chake. Fundi hakuacha kumwendea. Kila mwezi mpya ukiandama, alikuwa akisimama pale dukani na bisibisi yake, akisalimu, akikataliwa, akiondoka. Alifanya hivyo kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa.

Bi Zuhura alifariki miaka kadhaa baadaye, kitandani, mchana, watu wamemzunguka na mlango uko wazi. Mji ulianza kujaa vitasa vya kiwandani, vinavyong'aa, na Fundi akahamia kwa binti yake, kwenye shamba nyuma ya Gede. Kadzo ndiye aliyeniletea habari zake. Tulikuwa tumekuwa mashoga.

Mkataba wa mume wangu hotelini ulipokwisha, tukaamua kurudi Taita. Kabla ya kuondoka nilikwenda Gede kumuaga. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka wa ukindu nyuma ya nyumba, anapukuchua mahindi. Alikuwa amekonda zaidi. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye vifundo, na punje zilikuwa zikimtoka moja moja.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mama Mghoi. Kaa. Nasikia watuacha."

Nilikaa, nikachukua hindi moja nikamsaidia. Tulizungumza habari za watoto, za mvua, za Kombo ambaye sasa alikuwa na mgahawa na alikuwa akiogopa wezi kuliko mtu yeyote mjini. Nilipoona jua linashuka nilimwambia kwamba tunajenga nyumba kule nyumbani, ndogo, ya matofali, na kwamba ningependa mlango wake uwe na kitasa chake. Nilijua vidole vile havishiki tupa tena. Nilisema kwa heshima tu, kama unavyomwomba mkubwa dua.

Aliacha kupukuchua.

"Mlango wafunguka ndani au nje?"

"Ndani."

"Upepo wa huko ukoje?"

"Baridi. Asubuhi ukungu."

"Na wezi wa huko huingiaje?"

Nilifikiri. "Sijui, Fundi. Niliondoka msichana."

"Na majirani?"

"Hao nao siwajui bado."

Alitikisa kichwa taratibu, ameridhika, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Basi siwezi kukufanyia sasa. Nitakufanyia kibaya. Nenda ukakae kwanza. Ujue nani atakuja ukiita. Halafu urudi uniambie, nitakichonga."

"Nitarudi," nilimwambia.

"Usikawie sana."

Alitaka kunisindikiza. Binti yake alisema aachwe apumzike, hakusikia. Tulikwenda polepole kwenye kile kijia cha katikati ya mihogo, ameshika mkono wangu, mpaka tukaona barabara. Hapo alisimama, akaniachia, akaniambia nitangulie. Nilipogeuka alikuwa bado amesimama, mkono mmoja sikioni, akisikiliza nikienda.